Hedhi Ikikoma Kabla ya Miaka 40

Dada wa Ibanda, Kasese na Bwera, kama hujafika miaka 40 na hedhi imepotea miezi 4 au zaidi, usikae nayo kimya. Pima mimba kwanza. Kama ulikuwa unachomwa sindano ya uzazi wa mpango, mwambie muuguzi, kwani sindano hiyo huzuia hedhi, na hata ukiiacha hedhi huchelewa miezi mingi kurudi. Kama si hayo, na unashikwa na joto la ghafla, unaamka usiku shuka zimelowa jasho, huenda ovari zimechoka mapema. Hali hii huwapata kama mwanamke 1 katika kila 100. Si laana, wala hukuitafuta.

Damu hupimwa homoni ya FSH, ambayo hupanda sana ovari zikilegea. Mara nyingi kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6. Si kila maabara inacho, basi uliza hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe sampuli hupelekwa wapi na kwa bei gani, kabla hujatoa nauli ya boda.

Wengi huishia hapo, maana nyumbani swali ni moja tu: atazaa? Tunawaomba mama wakwe na waume wavumilie kidogo. Wakati mwingine kinga ya mwili ndiyo iliyoshambulia ovari, na inaweza kugeukia tezi nyingine.

Tezi ya shingo hupimwa kwa damu, hata shingo ikiwa nyembamba. Huku kwenye milima ya Rwenzori rovu tumelizoea, kwa kuwa mvua huosha madini joto udongoni. Chumvi yenye madini joto huzuia rovu la namna hiyo, lakini haiponyi tezi iliyoshambuliwa na kinga.

Tezi zilizo juu ya figo ndizo zinazotutia hofu zaidi. Zikishindwa, mtu hukonda, huchoka, huona kizunguzungu akisimama, hutamani chumvi. Tazama viganja vyake mchana: mistari imekuwa myeusi kuliko zamani? Na ufizi? Mtu huyo akipata malaria na kutapika, presha yaweza kushuka ghafla akafa. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Omba na kipimo cha sukari.

Daktari akikuandikia homoni, ni za kulinda mifupa na moyo, na kwa kawaida hutumiwa hadi karibu miaka 50. Wanawake wachache, kama 5 katika 100, hushika mimba wenyewe hata baada ya kuambiwa ovari zimechoka. Asiyetaka mimba aendelee kujikinga.

Siku ya kwenda, beba daftari lako la hospitali. Andika humo tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa unazomeza, za kienyeji pia, na kama mama au dada yako alikoma hedhi mapema.