Minyoo wa Samaki: Uchunguzi Kwanza, Dawa Baadaye

Mji wa Tabora hauna ziwa. Dagaa na migebuka wa Kigoma huja hapa wakiwa wakavu, wakiletwa na treni kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo anayechimba bwawa hapa Unyanyembe akafuga perege au kambale anakula samaki wabichi, lakini anabeba mzigo ambao mnunuzi wa dagaa hana: kumtunza samaki angali hai.

Samaki mwenye minyoo hula kama wenzake, ila mgongo hukonda hadi kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili. Kinyesi huwa cheupe na kirefu kama uzi. Kwa wanaofuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo, dalili ya wazi kabisa ni vijinyoo vyekundu vinavyochungulia kwenye tundu la haja.

Hapo wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakanunua dawa ya minyoo ya mbuzi na kuimwaga bwawani. Nakusihi usifanye hivyo. Aivamektini, mojawapo ya dawa hizo, ni sumu kali kwa vijidudu vya majini ambavyo samaki hula, na kwa samaki wenyewe pia. Tena dawa hazifanani. Tegu, yule bapa kama utepe, hutolewa na prazikwanteli, dawa ileile wanayopewa watoto shuleni dhidi ya kichocho. Minyoo wa mviringo hawaitikii dawa hiyo. Wao hutibiwa kwa fenbendazoli au levamisoli. Ndiyo maana samaki watatu au wanne walio dhaifu wanapaswa kupelekwa wakiwa hai, ndani ya ndoo ya maji ya bwawani, kwenye kituo cha Tabora cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), ili ijulikane kwanza wana minyoo wa aina gani.

Dawa ya kulishwa hupimwa kwa uzito wa samaki. Kwa prazikwanteli, kipimo cha kawaida ni miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja. Perege 200 wa gramu 50 kila mmoja ni kilo 10, na wote hao wanahitaji miligramu 500 tu, pungufu ya kidonge kimoja cha miligramu 600. Ni dawa chungu, na samaki huitema. Isage, ichanganye na chakula kwa mafuta ya kupikia kidogo, na uwalishe baada ya kuwanyima chakula siku moja. Fenbendazoli ni robo gramu kwa gramu 100 za chakula, siku 3 mfululizo, kisha rudia baada ya wiki 2 au 3 kuwawahi minyoo wachanga waliobaki. Kwenye tangi la kioo, tia majini levamisoli miligramu 2 kwa lita kwa saa 24; halafu fyonza uchafu wa chini na ubadilishe maji, maana minyoo hulegea na kutoka wakiwa bado hai.

Wapo minyoo wachanga wanaojificha kwenye nyama na uwazi wa tumbo, na hao dawa huwafikia kwa shida. Wanaletwa na mnandi na korongo, wengine kupitia konokono. Weka wavu juu ya bwawa, fyeka majani ya ukingoni, usipandikize samaki wa mwituni. Ukishavuna, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, kisha mwaga chokaa.

Samaki waliopewa dawa wasiuzwe wala kuliwa mpaka daktari wa mifugo akutajie siku ya kuwavua.