Je, Yafaa Kununua Kamera Nyingine kwa Picha za Mandhari?

Muhula huu chama chetu cha picha kimeletewa habari ya kamera moja ya mtumba, Nikon D3400, ambayo mwenyewe yu tayari kutuuzia. Bei yake itamaliza karibu fedha yote iliyomo katika sanduku la chama, nayo ni fedha iliyopatikana kidogo kidogo kwa kupiga picha za mahafali. Kamera tuliyo nayo ni Canon EOS 1100D, ya aina iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2011, pamoja na lenzi yake moja ya milimita 18 hadi 55. Wanachama wengi wasema ya kuwa imezeeka, na ya kuwa haiwezi tena kazi tuliyopewa, yaani kupiga picha za mandhari ya Singida zitakazotundikwa ukutani katika chumba cha Jiografia: Ziwa Singidani, Ziwa Kindai, na majabali ya graniti yanayouzunguka mji.

Basi kabla ya kufungua sanduku, yafaa tujiulize: picha zetu zimepungukiwa na nini hasa, na je, upungufu huo watoka katika kamera?

Jambo linalosifiwa sana madukani ni wingi wa nukta zinazofanya picha, ziitwazo pikseli. Canon yetu hutoa picha yenye nukta 4272 kwa 2848, yaani kama milioni 12. Ile Nikon hutoa 6000 kwa 4000, yaani milioni 24. Anayesikia hivyo hudhani ya kuwa picha itakuwa kubwa mara mbili. Lakini hizo milioni ni eneo, wala si urefu. Gawanya 6000 kwa 4272, utapata 1.4 tu. Sasa tufanye hesabu ya kuchapa. Picha nzuri ya kushika mkononi huchapwa kwa nukta 300 katika kila inchi moja, basi Canon yetu yaweza kutoa picha ya sentimita 36 kwa 24, ambayo ni kubwa kuliko karatasi ya A4. Tukitaka kujaza karatasi ya A3 tutapata karibu nukta 240 kwa inchi, na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani hawezi kuona tofauti hata akikodoa macho. Kwa hiyo nukta tunazo za kutosha.

Ile sahani ndogo ya ndani inayopokea nuru, ambayo huitwa sensa, katika kamera hizi mbili inakaribiana kwa ukubwa: yetu ni karibu milimita 22 kwa 15, na ya Nikon karibu 24 kwa 16. Hata hivyo ya Nikon ni ya mwaka 2016, nayo ni bora. Jua linapotua nyuma ya jabali, mbingu huwa na nuru nyingi na jiwe huwa jeusi. Ukiling'arisha jiwe hilo baadaye katika kompyuta, picha ya Canon huonyesha chengachenga, na ya Nikon huwa safi zaidi. Faida hiyo ni ya kweli, na wanaotaka tununue wana haki ya kuitaja. Lakini faida hiyo inakuja saa gani, na je, hakuna njia nyingine ya kuipata?

Hapa hatuna budi kukumbuka Jiografia yetu. Singida iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na kwa hiyo jua letu hushuka karibu wima. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Mwezi Machi au Septemba, jua lililo nyuzi 6 juu ya upeo huchukua kama dakika 24 kuzama hapa kwetu, lakini huko London huchukua karibu dakika 39, maana hushuka kwa mshazari. Nuru ile ya dhahabu inayopendwa na wapiga picha ni fupi kwetu, na giza halikawii. Vitabu vingi vya picha vimeandikwa na watu wa nchi zenye machweo marefu, basi msomaji wa hapa asistarehe kama wao.

Sasa tuseme jua limekwisha kuzama na bado kuna rangi mbinguni. Tundu la lenzi ni f/8, na wepesi wa kupokea nuru, unaoandikwa ISO, ni 100. Kamera yaweza kuhitaji sehemu ya 8 ya sekunde. Ukiwa umevuta lenzi mpaka milimita 55, mkono wa mtu hautulii kiasi hicho. Wahitaji karibu sehemu ya 125. Ili kuipata itakupasa kupandisha ISO kutoka 100 hadi 1600, yaani mara 16, na hapo ndipo chengacheng'a zinapozaliwa. Sensa mpya itazipunguza, lakini haitafidia mara 16. Stendi ya miguu mitatu huzifidia zote, kwa kuwa kamera ikitulia ISO hubaki 100 na shata hukaa wazi kwa muda wowote utakao.

Jambo hili tumelijaribu ufukoni mwa Kindai bila stendi yo yote. Tulijaza mchanga katika mfuko, tukaulaza juu ya jiwe, tukaweka kamera juu yake, tukatumia saa ya kamera ya sekunde 10 ili kidole kisiitikise. Halafu tukapiga picha ile ile kwa mkono. Mwalimu mlezi wa chama alipozikuza katika kompyuta, ya mkono ilikuwa na chengachenga kote, na ile ya mfuko ilionyesha nyufa za jiwe moja moja. Kamera ilikuwa ni ile ile iliyozeeka.

Kuna jambo la pili lisilohitaji fedha, nalo ni kulenga. Wengi wetu hulenga mlima wa mbali, kisha nyasi za mbele hufifia, na lawama hupewa kamera. Chukua urefu wa lenzi, 18, uuzidishe kwa wenyewe: 324. Kisha zidisha namba ya tundu, 8, kwa ukungu tunaoweza kuuvumilia, tuseme milimita 0.02: 0.16. Gawanya, utapata milimita 2025, karibu mita 2. Ukilenga kitu kilicho mita 2 mbele yako, kila kitu kuanzia mita 1 hadi upeo wa macho kitaonekana vema. Wa kidato cha tatu wanaosoma somo la nuru wataifurahia hesabu hii.

Tena ile Nikon inauzwa bila lenzi, na lenzi ya Canon haiingii katika Nikon. Tungekuwa na kamera bora isiyoona kitu! Na vumbi la kiangazi, linalofanya milima ya mbali ionekane kama moshi, haliondolewi na kamera ya bei yo yote. Dawa yake ni kungoja mvua ya kwanza iioshe hewa.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tununue stendi, tena iliyo nzito, maana upepo wa Singida si wa mzaha na stendi nyepesi hutetemeka kama unyasi. Nzuri ni yenye kulabu katikati, ya kutundika mfuko wa mawe. Fedha itakayobaki, ambayo itakuwa nyingi, ikae sandukuni. Sisi wa kidato cha nne twaondoka mwaka huu, wala si haki kuwaachia wadogo zetu sanduku tupu kwa ajili ya kitu ambacho sisi wenyewe tulikitamani.

Wakija kutaka kupiga picha za flamingo walio mbali ndani ya ziwa, hapo milimita 55 hazitatosha kweli. Lakini hata siku hiyo kitakachotakiwa ni lenzi ndefu, nayo itaingia katika Canon hii hii.