Unasomea Utalii na Hoteli? Shika Vidokezo Hivi 9

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, simu yangu hupokea ujumbe wa namna moja: "Dada, nimechaguliwa kusomea utalii na ukarimu. Nianzie wapi?" Nimefanya kazi hotelini miaka 12, nusu yake pwani ya mashariki ya Unguja, nusu nyingine Arusha, na swali hilo halijanichosha hata siku moja. Nalijibu kwa hamu kwa sababu kuna jambo ninalolitamani sana: hoteli za kwetu ziongozwe na watoto wa kwetu. Paje, Nungwi, Diani na Karatu tumejaza wahudumu hodari, lakini ukigonga mlango wa meneja mkuu, mara nyingi anayekufungulia ametoka mbali. Digrii hii inaweza kukufikisha kwenye kiti kile. Haya ndiyo ninayowaambia wadogo zangu.

1. Soma orodha ya masomo, usiishie kwenye jina la kozi

Majina ya kozi hufanana kama mapacha, lakini ndani kila moja ina lake. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mizizi yake ni uhifadhi wa wanyamapori. Kenya Utalii College ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1975, imejengwa juu ya kazi za mikono na ina hoteli yake ya kufundishia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha utalii Maruhubi, jirani na magofu ya kasri la Sultan Barghash; yaani ukitoka darasani unakutana na somo lenyewe. Vyuo vikuu vya Sokoine kule Morogoro, Moi kule Eldoret na Pwani kule Kilifi navyo vina njia zao.

Kwa hiyo uliza: hesabu na uhasibu ni mihula mingapi? Jiko la mafunzo lipo, au tutapikia kwenye daftari? Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ni wiki ngapi? Ukiwa Tanzania, hakikisha kozi ya digrii inatambuliwa na tume ya vyuo vikuu, TCU, na kama ni diploma, na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Fanya hivyo kabla ya kulipa ada.

2. Zungumza na wazee mapema

Hapa sipiti haraka, maana nimeona wasichana wenye akili wakiacha masomo mwaka wa pili kwa sababu ya maneno ya nyumbani. Huku kwetu pwani, hoteli kwa wengi bado ina maana ya pombe, nguo fupi na kurudi usiku. Nilipomweleza mama, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, utavaa nini, na utarudi saa ngapi?"

Sikumlaumu. Nilimjibu lililo kweli: nitauliza kila hoteli kama inaruhusu hijabu, na isiyoruhusu sitaifuata. Zamu ya asubuhi huanza saa 1 na kuisha saa 9 alasiri. Ya jioni huisha saa 5 usiku, na hapo lazima pawepo gari la wafanyakazi. Nilimweleza pia kuwa ninachosomea ni uongozi, na kwamba kuhudumia ni sehemu ya kujifunza kuongoza. Nilipopata kazi ya kwanza, nikamwombea ruhusa aje kuona. Alikaa na mpishi mkuu mlango wa nyuma, wakabishana nusu saa nzima kuhusu pweza wa nazi, kama achemshwe kwanza au aingie na tui. Tangu siku ile hajaniuliza tena.

Mwambie mzazi ukweli wote, pamoja na ule mgumu. Mzazi aliyeelewa atakubeba siku utakapochoka.

3. Anzia dobi

Kila mwanafunzi anataka mapokezi: suti, viyoyozi, tabasamu. Wewe omba dobi na vyumba kwanza. Dobi ndiko nilikojifunza kuwa kitanda kimoja kinahitaji seti tatu za mashuka: moja iko kitandani, moja inafuliwa, moja inapumzika kabatini. Zidisha kwa vyumba vyote, ongeza taulo za ufukweni zinazorudi zimejaa mchanga, kisha vuta picha ya siku umeme unapokatika na mashine zimejaa. Utaelewa hoteli kuliko aliyesoma kurasa 100 kuhusu huduma bora.

Hata jikoni ni hivyo hivyo. Chakula cha moto kwenye bafe kikishuka chini ya nyuzi 60, bakteria wanaanza sherehe yao, na saladi iliyoachwa juani vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyewahi kushika kipimajoto kwa mkono wake hasahau. Na ukija kuwa meneja, mpishi hatakudanganya, kwa kuwa anajua ulipotokea.

4. Penda hesabu, hata kama ulizikimbia sekondari

Wengi huchagua utalii wakidhani wameponyoka hesabu. Hesabu ndizo zinazomtenganisha mhudumu na meneja, kwa hiyo chukua kalamu tufanye moja pamoja.

Hoteli ina vyumba 60. Jana usiku vililaliwa vyumba 42, kila kimoja dola 90. Ujazo wako ni asilimia 70. Mapato ni dola 3,780. Sasa gawa kwa vyumba vyote 60, hata vile vilivyobaki vitupu: dola 63 kwa kila chumba ulichonacho. Namba hiyo ndiyo wakubwa wanayoiangalia kila asubuhi.

Tuseme sasa bosi ameingiwa na hofu, ameshusha bei hadi dola 70, na vyumba 51 vimejaa. Asilimia 85! Watu wanapongezana mapokezi. Lakini piga hesabu: 51 mara 70 ni dola 3,570, ukigawa kwa 60 ni 59 na nusu. Hoteli imejaa zaidi, imeingiza pesa pungufu, na juu yake umefua mashuka ya vyumba tisa vya ziada, umewasha viyoyozi tisa, umekaanga mayai ya kifungua kinywa ya wageni wote hao. Mwanafunzi anayeweza kusimama kwenye kikao na kuyaeleza haya kwa utulivu hatabaki kubeba mabegi muda mrefu.

Jifunze Excel vizuri, na popote chuo kinapokupa nafasi ya kugusa mfumo wa kompyuta wa kubuku vyumba, kaa nao mpaka wakufukuze.

5. Ijue nchi yako kama njia ya kwenu

Mgeni ameshasoma kabla ya kupanda ndege. Ukimwambia jambo la kubuni, atatabasamu, na hatakuamini tena. Basi jua kwamba Kilimanjaro ina mita 5,895, lakini jua pia habari za wagumu, wale wapagazi wanaobeba mahema, jiko na maji ya mgeni, na kwa nini mizigo yao inapimwa getini. Jua kwamba Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka uliofuata, kisha uweze kueleza kwa nini Lamu haina barabara za magari ndani ya mji wake na kwa nini punda wanathaminiwa. Jua kuwa kima punju wa msitu wa Jozani haishi porini kokote duniani ila visiwa vya Zanzibar. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliorodheshwa mwaka 1981, na wanafunzi wengi wa utalii hawajawahi kuyaona hata kwa picha.

Usiyakimbie maswali magumu. Mgeni aliyetoka Ngorongoro atakuuliza kuhusu Wamasai. Unapaswa kujua kwamba eneo lile lilitengwa mwaka 1959 kwa mpango wa watu, mifugo na wanyamapori kuishi pamoja, na kwamba miaka ya karibuni kaya nyingi zimehamia Msomera, Handeni, huku mjadala ukiwa mkali juu ya hiari na haki zao. Huhitaji kumfanyia mgeni siasa mezani. Unahitaji kujua, na kusema kwa heshima, kwa sababu hao ni watu, si mapambo ya safari ya mtu.

Likizo ya kwanza, badala ya kulala, panda daladala uende mahali ulipopasoma tu. Penda kuuliza wazee. Fundi wa milango ya nakshi, mvuvi wa Kizimkazi na mama anayelima mwani Jambiani watakufundisha bure kile ambacho hakijaandikwa.

6. Tafuta lugha ya tatu

Kiingereza kila mtu anacho. Chagua nyingine kulingana na unakotaka kufanya kazi: Malindi na Watamu, Kiitaliano kinakufungulia riziki tangu sokoni, safari za mbugani hupenda Kifaransa na Kijerumani, na Zanzibar siku hizi anayejua salamu chache za Kipolandi anakumbukwa. Wapapasi, vijana wanaowatembeza wageni ufukweni, wamejifunza lugha hizi bila kuingia darasani, kwa kusikiliza na kuthubutu. Nawavulia kofia. Wewe mwenye maktaba na mwalimu huna kisingizio.

7. Fildi si likizo, wala si utumwa

Nenda na daftari dogo la mfukoni. Kila jioni andika mambo matatu uliyoyaona: lililofanywa vizuri, lililoharibika, na ambalo wewe ungelifanya tofauti. Omba uzungushwe idara zote, na uombe kwa maandishi siku ya kwanza. Mimi hoteli yangu ya kwanza ya fildi ilinisahau kwenye kusugua glasi wiki sita kati ya nane, kwa sababu nilikuwa naona aibu kusema. Wiki mbili za mwisho nilisema, na nikagundua kuwa hakuna aliyekuwa amekataa. Hakuna aliyekuwa amefikiria.

Kuna lingine linalohitaji sauti ya wazi zaidi. Kama msimamizi, mfanyakazi mwenzako au mgeni anakushika, anakutumia ujumbe wa kukuaibisha, au anakuambia alama zako zinategemea "kuelewana" naye, hilo si mila ya kazi. Tunza ujumbe, andika tarehe na saa, mwambie mlezi wako wa chuo siku hiyo hiyo, na umwambie mtu mmoja zaidi nje ya hoteli. Mdogo wangu, hakuna barua ya sifa yenye thamani ya kukufanya uvumilie hali hiyo. Na ninyi wavulana, mkiona, msitazame pembeni.

8. Jiandae na ukame wa wageni

Masika ya Aprili na Mei, hoteli nyingi za pwani hufunga milango au hupunguza watu. Ukiacha msimu, yapo yasiyotabirika: mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5; mwaka 2020 corona ikaingia na idadi ikashuka hadi takriban 620,000. Nilikuwa Arusha. Niliona madereva wa safari wakiuza mboga kwenye magari yao. Bahashishi ya msimu mzuri iwekwe akiba, na kando ya digrii uwe na ujuzi unaouzika popote: uhasibu, kuoka, kupiga picha, tafsiri.

9. Andika utafiti utakaomfaa mtu

Mwaka wa mwisho utaandika utafiti. Kabati za vyuo zimejaa kazi zenye vichwa vya "mchango wa utalii katika uchumi wa taifa" ambazo hakuna aliyezifungua baada ya kusahihishwa. Chagua kitu kidogo, cha karibu, unachoweza kukihesabu mwenyewe. Kwa mfano: nyanya za kifungua kinywa zimetoka wapi?

Anza na mtunza stoo. Ukimheshimu na kumsalimia vizuri, atakuonyesha vitabu vyake vya kupokelea bidhaa, kama uongozi umeridhia. Ukiwa Zanzibar, utaona nyanya zimevuka bahari kutoka bara, mayai nayo, labda hata mchicha, ilhali kijiji kilicho nyuma ya ukuta wa hoteli kina mashamba. Nenda kwa wakulima hao uwaulize. Mmoja atakuambia hoteli inataka kilo 40 kila siku na yeye anavuna mara mbili kwa wiki. Mwingine, kwamba aliuza akalipwa baada ya miezi mitatu, akaacha. Mwingine, kwamba hajawahi kupita geti lile tangu lijengwe. Rudi kwa mpishi umuulize kama angepokea nyanya zisizolingana ukubwa kwa ajili ya mchuzi. Mmoja niliyemuuliza mimi alicheka, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Mchuzi haujui ukubwa wa nyanya. Mlete huyo mkulima kesho saa 12 asubuhi, kabla sijatuma oda ya bara."