Kichwa Kikivimba: Majivuno, Aibu na Uhai wa Vijana Wetu

Somo la kikundi. Kabla ya kuanza, mmoja asome 2 Samweli 17 kwa sauti.



Kwa Kiswahili, mtu mwenye majivuno tunasema amevimba kichwa. Kwa Kijaluo, wich kuot, yaani kichwa kuvimba, ni aibu. Maneno ni yale yale, maana ni mbili. Tulipokuwa tukitayarisha somo hili tulicheka kidogo, halafu tukaona kwamba hapo ndipo penye somo lenyewe.

Huku kwetu kando ya ziwa kujisifu si dhambi. Penye ngoma mtu hutoa pesa, muziki unasimama, anajisifu kwa pakruok na watu wote wanafurahi. Vijana nao hujitazama sana kwa kioo, ni umri. Hata madaktari hawana haraka ya kumpa kijana jina la ugonjwa kwa sababu anajiona.

Sisi tunasema juu ya kijana ambaye thamani yake yote imefungwa kwenye sifa za watu. Lazima awe wa kwanza. Akikosolewa anawaka kama nyasi kavu, ama ananyamaza siku tatu. Kuomba msaada kwake ni kushindwa. Wako wa namna mbili. Mmoja ana kelele na kila mtu anamjua. Mwingine ni mpole, anakaa nyuma, lakini moyoni anajiona mkubwa na neno dogo linamchoma sana. Watafiti wameona kwamba mawazo ya kutaka kufa yanaandamana zaidi na huyu mpole. Na sisi siku zote tulikuwa tukimchunga yule mwenye kelele!

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani. Kijana amefanyiwa harambee ya karo. Kanisani anasimamishwa, "Huyu ndiye daktari wetu." Matokeo ya KCSE yanatoka, amepata D. Baba anasema mbele ya wageni, "Ng'ombe zangu zimeliwa bure." Mtoto mwingine angelia, baadaye angetafuta kazi ya fundi. Huyu hajui yeye ni nani kama si daktari. Hawezi kulia mbele ya watu, kwa hiyo sisi tunaona ametulia.

Kutulia huko kunadanganya. Mwaka 1993 daktari Alan Apter na wenzake huko Israeli walitoa uchunguzi juu ya vijana wa kiume 43 waliojiua wakiwa katika utumishi wa jeshi. Karibu robo yao walikuwa na tabia hii ya kujiona, na wengi walikuwa wamewaficha wenzao shida zao. Ahithofeli katika somo letu ni mtu wa namna hiyo. Shauri lake lilikuwa likiheshimiwa kama neno la Mungu. Siku lilipokataliwa hakugombana na mtu, alirudi kwao kimya, akatengeneza mambo ya nyumba yake, akajiua.

Basi, tuache kuwasifu watoto? Hapana. Uchunguzi wa Uholanzi uliotolewa mwaka 2015 ulifuata watoto 565 pamoja na wazazi wao. Watoto ambao wazazi waliwaona kuwa bora kuliko wenzao walizidi kujiona. Wale walioonyeshwa upendo tu, walijiheshimu bila kujiona. Kumwambia mtoto "nafurahi umekuja nyumbani" na kumwambia "hakuna kama wewe kijiji kizima" ni mambo mawili tofauti, na sisi tumezoea hili la pili.

Mkimwona kijana ameaibika, msimwonye mbele ya watu. Mmoja anayempenda akae naye faraghani, hata kama ni kwa kutengeneza nyavu pamoja, amwulize wazi: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba swali hili litampa wazo. Halimpi, mara nyingi linampunguzia mzigo. Akikubali, asiachwe peke yake. Dawa za shamba na za mifugo zifungiwe, ufunguo ukae na mtu mwingine. Mpelekeni zahanati iliyo karibu, ambayo inaweza kumtuma hospitali kubwa kama Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu. Childline Kenya hupokea simu bure kwa nambari 116, mchana na usiku.

Zamani familia zilificha, kwa kuogopa mila zilizomnyima marehemu matanga ya kawaida, na kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwambieni na chifu, kama hajasikia.

Maswali ya kuzungumzia:

Nani kati ya vijana wetu amepewa jina la "tumaini la ukoo"? Akishindwa, ana njia gani ya kurudi nyumbani?

Matokeo ya mtihani yakitoka, kikundi kitamtuma nani kumtembelea kila mtoto aliyefanya, aliyepita na aliyeanguka? Andikeni majina leo.