Fedha za Kipindi cha Michezo: Mwalimu Aanzie Wapi?

Shule nyingi za msingi nchini Tanzania zina timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, lakini hazina kipindi cha michezo. Mashindano yakikaribia, wanamichezo wachache huchaguliwa na kushonewa jezi, na mamia waliobaki huwa washangiliaji. Kabla hujaandika barua yoyote ya kuomba fedha, amua: unaiombea timu au unaliombea darasa? Mimi nakushauri uliombee darasa. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 una somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo unaomba haki ya kila mtoto.

Fedha ya kwanza iko ndani ya shule. Ruzuku ya uendeshaji ya Serikali imekadiriwa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Haijengi uwanja, ila mipira na kamba za kuruka inaweza kununua. Tatizo ni kwamba michezo isipoandikwa kwenye bajeti, chaki na mitihani huimaliza yote. Mwalimu wa michezo aingie kwenye kikao cha bajeti na orodha yenye bei mkononi.

Kazi kubwa zaidi, kama kusawazisha uwanja, ipelekwe kwenye Mfuko wa Jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, lakini miradi huibuliwa na wananchi. Barua ya mwalimu mkuu peke yake ina uzito mdogo. Muhtasari wa mkutano wa kijiji uliopitia kwa mtendaji wa kata una uzito. Mlio karibu na migodi, Geita au Tarime kwa mfano, msianzie getini kwa mwekezaji. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, mpango wa kampuni wa kuhudumia jamii hukubaliwa na halmashauri kila mwaka. Ombi lenu lifike halmashauri kabla mpango huo haujapitishwa.

Balozi nazo hutoa misaada midogo ya jamii. Ule wa Japani unajulikana sana kwa majengo na vifaa vya kudumu. Mishahara na gharama za kila siku haulipi. Ukiandika posho ya kocha kwenye ombi la msaada huo, umejiharibia mwenyewe.

Sasa andiko lenyewe. Kurasa chache zinatosha, mradi zijibu anachojiuliza mtoa fedha. Watoto ni wangapi, wasichana wangapi, wenye ulemavu wangapi na watacheza nini? Vipindi ni vingapi kwa wiki, na nani atafundisha? Ambatisha ratiba. Vifaa vitafungiwa wapi jioni? Eneo ni la nani? Hapa wengi hukwama, maana viwanja vya shule vimevamiwa kwa mashamba na nyumba, na hakuna anayeweka fedha zake kwenye ardhi yenye mgogoro. Malizeni hilo kwanza kwenye serikali ya kijiji, kwa maandishi.

Bei zitoke kwa wauzaji, angalau profoma tatu. Mchango wa wazazi uthaminiwe kwa fedha: tripu za mchanga, mawe, siku za kuchimba. Mipira itapasuka, nyavu zitaoza; elezeni mtanunua vingine kwa fedha gani. Kisha barua ipite kwa mkurugenzi wa halmashauri, na nakala kwa afisa michezo, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kusikia mdau fulani anatafuta shule ya kusaidia.

Na kabla ya kufunga bahasha, kaeni na wasichana muwaulize kinachowazuia kucheza. Huenda wakataja bukta na chumba cha kubadilishia nguo kabla ya magoli. Viandikeni vitu hivyo juu kabisa ya orodha.