Pointi za Gari la Mzee: Metali Ipi Inadumu?

Somo la leo limetoka kwenye simu ya nyumbani. Mzee wangu yuko Voi na Land Rover yake ya Series III, ndiyo inayobeba mazao ya familia kwenda sokoni. Ikilala gereji, nyumbani hakuna pesa. Mwaka jana akaniambia: "Mwanangu, huko Dubai dhahabu ni nyingi. Nitafutie pointi za dhahabu, hizi za huku haziishi." Nilicheka, kumbe hata mimi sikuwa na jibu. Ikabidi nifungue vitabu.

Pointi ni vile vidoto viwili vya metali ndani ya distributa. Vikigusana, umeme unapita kwenye koili. Vikiachana, koili inarusha umeme mkali hadi kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 6,000, yaani mara 100 kila sekunde! Na kila zikifunguka, cheche ndogo inaziunguza.

Sasa tulinganishe, pamoja na joto la kuyeyuka:

1. Shaba (1,085°C): inapitisha umeme vizuri, lakini inashika kutu upesi.
2. Fedha (962°C): inapitisha umeme kuliko metali zote. Inafaa kwenye swichi, ila cheche za mfululizo zinaila.
3. Dhahabu (1,064°C): haishiki kutu, ndiyo maana imo kwenye kompyuta, ambako umeme ni mdogo. Lakini ni laini mno kwa kugongwa hivyo.
4. Platini (1,768°C): ilitumika magari yalipoanza. Waongeao Kifaransa, kama ndugu zetu wa Kongo, hadi leo huziita pointi "vis platinées". Jina limebaki, metali imebadilika kwa sababu ya bei.
5. Tangsteni (3,422°C): ngumu, inavumilia joto na kugongwa. Hii ndiyo mshindi.

Tangsteni nayo ina kasoro. Ikikaa kwenye unyevu inafanya utando unaozuia umeme, na gari linakataa kuwaka. Isafishe kwa tupa laini ya pointi, si msasa, kwani chembe za msasa hubaki katikati. Halafu acha nafasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Jambo la mwisho, ndilo lililoniokoa: kondensa. Kazi yake ni kupunguza ile cheche. Ikifa, hata tangsteni itaungua. Nilimwomba mzee atazame pointi alizozitoa. Zilikuwa nyeusi, upande mmoja una shimo, wa pili una kilima. Basi dhahabu haikuwa dawa.

Nikamtumia pointi za kawaida za tangsteni na kondensa mpya. Gari linakwenda sokoni mpaka leo.

Kwa hiyo mzee wako akikuagiza vipuri, kabla ya kwenda Deira au Sharjah muulize kwanza: zile za zamani zimeungua vipi?

Tukutane toleo lijalo, inshallah.