Somo la Mwezi: Msaada kwa Waliopatwa na Maafa

Kabla ya kuendelea tunaomba kila msomaji afungue Matendo ya Mitume 11:27–30, asome polepole. Agabo atangaza kwamba njaa inakuja. Wanafunzi wa Antiokia hawakungoja ifike. Kila mtu alitoa kwa kadiri alivyokuwa nacho, na msaada ukapelekwa kwa wazee wa Uyahudi, mikononi mwa watu wanaojulikana kwa majina, Barnaba na Sauli.

Sasa tuwatazame jirani zetu. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, ya kwanza ya Majilio, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sisi wa Singida twaujua mji huo. Ndio tunaoupita tukienda Babati.

Siku kama ile wengi wetu hukimbilia kukusanya nguo. Nguo ni njema, lakini zikifika marundo marundo, nyingine zimetoboka, na viatu vya mguu mmoja, wahudumu hulazimika kuacha wagonjwa wakachambue mizigo. Wenye kazi hii huanza na maji. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuvitunga mwaka 1997, vyataka kila mtu apate walau lita 15 kwa siku, za kunywa, kupikia na kuogea. Nyumba ya watu sita, basi, yahitaji ndoo kubwa nne na nusu kila siku. (Ni nani hapa kwetu apataye hizo mwezi wa Oktoba?) Tena choo kimoja kisizidi watu 20. Bila hayo, kipindupindu chaweza kuwaua wale waliookoka katika tope.

Kwa hiyo tuulize kwanza kinachotakiwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa. Ya wilaya ndiyo ya kuulizwa. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962, hutegemea sana watu wa kujitolea. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne na wamekaa tu nyumbani, wakaombe kufundishwa huduma ya kwanza.

Wengine huona haya kudai stakabadhi kanisani. Paulo hakuona haya. Someni 2 Wakorintho 8:18–21. Watu wawili wahesabu fedha, na barua ya mapokezi isomwe Jumapili mbele ya wote.

Asiye na fedha atenge debe la mtama au uwele wakati wa mavuno, Umoja wa Akina Mama walitunze. Februari njaa ikibisha hapa hapa kwetu, patakuwa na pa kuanzia.

Maswali kwa vikundi: Ni nyumba zipi mtaani mwetu zilizo karibu na korongo? Usiku wa mvua, ufunguo wa kanisa uko kwa nani? Daftari la fedha za maafa litatunzwa na akina nani?